Moja Nukta Nane

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba usikawie, maana Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mume wangu atasimama mbele ya wapenzi wa magari awafundishe habari za lenzi za kamera, na mume wangu, Mungu amtunze, miwani yake tu ya kusomea huivaa juu chini asishtuke.

Nianze kwa kumsifu, kwa sababu nikianza kwa kulalamika utadhani nimeolewa na mtu wa ovyo, na mimi sikuolewa na mtu wa ovyo. Mume wangu ni fundi bodi, wale wanaonyoosha magari yaliyobondeka, na mikono yake ina akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowajua. Gari letu dogo la zamani tulilitoa kwenye uwanja wa magari mabovu likiwa na kuku wanaotaga kiti cha nyuma, sakafu imeliwa na kutu mpaka ukikaa unaona ardhi, na mama mkwe alipoliona linaburutwa kuingia uani aliuliza, "Hili mmekuja kuliuza vyuma au kulizika?" Leo likipita barabarani watu wazima wanageuza shingo, na mama mkwe huyo huyo ndiye wa kwanza kukaa mbele na kushusha kioo ili aonekane. Bati lote kalinyoosha mume wangu, rangi kapiga yeye, injini kaipandisha yeye, na viti nimeshona mimi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nashona viti vya magari, cherehani yangu iko sebuleni, na nasema bila kujishusha kwamba mshono wangu wa mistari miwili ukiufuata kwa kidole hutakuta mahali ulipopinda.

Sasa kabla ya cherehani nilikuwa na kazi nyingine, nilikuwa msaidizi kwenye studio ya picha za pasipoti, mwenye studio tukimwita Mzee Usicheke kwa sababu hilo ndilo neno alilokuwa akiwaambia wateja kutwa nzima, na alipofunga duka akapumzike alinipa lenzi yake moja ya zamani, ile ya milimita mia moja thelathini na tano, ya kuzungusha kwa mkono, inayotaka usimame mbali na unachokipiga na uwe na subira. Mimi subira ninayo. Baadaye nikapata kamera iliyokwishatumika na pete ya kuunganishia lenzi hiyo, na tangu hapo nikiwa sina kiti mezani napiga picha, si biashara, ni roho yangu tu inapenda.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, uani sakafu inang'aa, jua limechomoza chini ya bati la kibanda, na mume wangu alikuwa amemaliza kusugua mlango wa dereva. Nikasogeza ndoo, nikasogeza ndala za watoto, nikaenda kusimama kule kwenye tangi la maji, nikangoja wingu lipite, naye hajui kama nipo. Akainama, akafumba jicho moja, akaliangalia bati la mlango kwa urefu wake, kama wanavyofanya mafundi bodi kuona kama limenyooka kweli, na uso wake ukatokea mzima ndani ya rangi. Mshauri, alikuwa anatabasamu na hajui kama anatabasamu. Nikabonyeza mara moja tu, kwa sababu nilijua nimepata kitu ambacho Mzee Usicheke mwenyewe angenipa mkono.

Mume wangu aliipenda sana, nikamtumia kwenye simu, akairusha kwenye kundi lao la simu la wapenzi wa magari ya zamani, kila mtu huko hutuma picha zake na za gari lake, na akaandika, "Picha yangu hiyo, wakuu. Viti kashona mke wangu." Hakudanganya, naomba uliweke hilo akilini, ni picha yake kweli, yeye ndiye aliyemo, na viti akanitaja bila kuombwa na mtu.

Ila kundi hilo nusu yao wako kwa ajili ya magari na nusu wako kwa ajili ya kamera za kuyapigia hayo magari, na mwenyekiti wao ni daktari wa meno mwenye lenzi nene kama chupa ya chai. Huyo ndiye aliyejibu kwanza: "Aisee! Ni ngapi hiyo?" Na mume wangu, mtu akimwuliza ni ngapi chini ya picha ya gari, kwani atajibu nini, akajibu ukubwa wa injini: "Moja nukta nane." Daktari akaruka: "Nilijua tu! Ona huko nyuma kulivyoyeyuka!" Mume wangu akanisomea tukiwa mezani, uso umekunjamana, "Anasema huko nyuma kumeyeyuka. Anamaanisha bampa?" Nilicheka mpaka wali ukaniingia puani. Nikamweleza kwamba lenzi nayo ina namba ya jinsi jicho lake linavyofunguka, likifunguka sana vya nyuma huwa ukungu, na daktari alikuwa anauliza hiyo, na ya kwangu si moja nukta nane, ni mbili nukta nane. Tukacheka wote wawili, akasema, "Haya, nitawaeleza."

Hakuwaeleza. Maana kabla hajaandika, mtu mwingine aliuliza inakuwaje mtu awe ndani ya picha na yeye ndiye aliyeipiga, na daktari akamjibia: kaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kategesha saa, kakimbia akainama mlangoni, ufundi huo jamani! Watu wakajaza vidole gumba. Mume wangu naye akaweka kidole gumba chake. Kuanzia siku hiyo jina lake kundini ni Bwana Lenzi.

Hapo bado nilikuwa nacheka. Kilichonikatia kicheko ni hiki, kwamba wamepiga kura na picha hiyo imeshinda, itachapishwa kubwa kama mlango, itatundikwa siku ya mkutano wao, Jumapili hiyo hiyo wanayomtaka awafundishe habari za lenzi, na baada ya hapo itabaki ukutani kwenye ukumbi wao moja kwa moja, na chini yake patakuwa na jina moja, la mpiga picha. Daktari akaomba jina. Mume wangu akatuma lake. Nilipomwuliza, taratibu tu, aliinua macho kwenye sahani akanijibu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma, "Si ulibonyeza tu, mke wangu? Kazi ni gari. Na wewe na mimi si kitu kimoja?" Nikasema ndiyo. Nikaenda kuosha vyombo, na kuna sahani moja niliisugua mpaka maua yake yakapauka.

Sasa kila akirudi kazini ananiomba nimfundishe, kwa ajili ya hiyo Jumapili, nami namfundisha, sijui hata kwa nini namfundisha. Nikimwambia mia moja thelathini na tano ananiuliza, "Tairi gani hilo jembamba hivyo?" Tunacheka, halafu akilala mimi nakaa macho.

Mshauri, unielewe. Hawa watu zamani walikuwa wanamtafuta mume wangu pale tu wanapogonga nguzo. Leo wanamwita mkuu. Nimemwona anavyonyoosha mabega akisoma jumbe zao, nami najivunia mabega hayo kama ninavyojivunia gari. Nikisema ukweli nitamvunjia heshima siku ile ile aliyoipata. Na nikinyamaza, ukuta ule utakaa na jina lisilo langu chini ya kitu pekee nilichowahi kutengeneza ambacho hakuna mtu wa kuja kukikalia. Niseme au nimeze? Picha nimeiambatisha uione mwenyewe.

Ni mimi,
Mke wa Bwana Lenzi


MSHAURI ANAJIBU

Wewe mama, hebu tuanzie huko chini ulikotia sahihi. Umeniandikia barua ndefu kwamba jina lako linapotea, kisha ukaifunga barua hiyo hiyo kwa cheo alichopewa mumeo kwa kazi ya mikono yako. Nilicheka, nikakasirika, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi bado nimekasirika. Kwa hiyo vumilia, leo utapata pole na utapata makofi, na sitakwambia lipi ni lipi.

Kwanza hongera. Picha yako iko mezani kwangu tangu asubuhi. Mhariri wa michezo alipita akasimama, na huyo mtu huwa hasimami mpaka lifungwe bao. Akaitazama mpaka chai yake ikapoa, akauliza, "Huyu nani?" Nikamwambia fundi bodi. Akauliza, "Na kapiga nani?" Hapo nikaipekua barua yako kutafuta jina, nikakuta cheo tu, na lawama hiyo ni yako, siyo ya mumeo.

Mumeo nitamtetea kidogo, kwa sababu anastahili. Lugha yetu hii tamu ina ukarimu mwingi mno penye neno "yangu". Aliyepiga husema picha yangu, aliyepigwa husema picha yangu, hata aliyeinunulia fremu husema picha yangu, na wote watatu huwa wamesema kweli. Siku ile ya kwanza mumeo hakumwibia mtu. Na hiyo moja nukta nane ni kosa la mtu mnyoofu: aliulizwa namba, akataja moyo wa gari lake. Ningemshangaa kama angetaja kitu kingine.

Lakini daktari alipozua habari za stendi na saa ya kutegesha, na mumeo akaweka kidole gumba, hapo kutoelewana kuliisha na uongo ukaanza. Hakuusema yeye, aliukaribisha tu ndani na kuupa kiti. Njia ya mwongo ni fupi, mama, na hii yenu inaishia Jumapili, pale daktari wa meno atakapomwambia mbele ya watu, "Hebu tuonyeshe unavyoizungusha," naye aikamate hiyo lenzi kama mfuniko wa rejeta.

Haya, zamu yako. Unalia kwamba mwenzako amevaa sifa yako, na jioni unakaa naye ukimfundisha namba moja baada ya nyingine. Unamshonea koti la uongo, unampima mabega, unambana kiunoni likae vizuri, halafu usiku unakosa usingizi kwa sababu limemkaa! Nani alikwambia huo ni upendo? Huo ni woga uliojifunga kanga ya upendo. Ulitaka agundue mwenyewe. Ulitaka aitazame ile sahani iliyopauka maua aseme, "Ah, mke wangu ana jambo." Fundi bodi huona bonde kwenye bati, sahani haimhusu. Mwanamume huyu ataambiwa kwa mdomo.

Na hayo maneno ya kuvunja heshima yaweke chini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako, na mhariri mkuu ameniruhusu kulichapa neno hilo kwa kuwa ni la wahenga. Heshima ya mumeo si ya kuazima. Ipo pale imepakwa rangi, ina magurudumu manne, na kuku hawatagi tena ndani yake. Unadhani watu wale walisimama kwa sababu ya lenzi? Lenzi iliwaonyesha tu mtu aliyelifufua gari na mlango alionyoosha kwa jicho. Toa uongo huo mdogo na mumeo atabaki na kila kitu chake. Wewe ndiye utakayebaki mikono mitupu ukiuacha.

Sasa sikiliza la kufanya. Leo, akishakula, maana mwanamume mwenye njaa hasikii, mwambie hivi: gari ni lako, picha ni yangu, na nataka jina langu chini yake. Usizunguke. Usianze na "samahani". Akirudia kwamba ulibonyeza tu, mwulize swali moja: "Na wewe si unagonga tu?" Kisha funga mdomo. Mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kugonga bati, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye. Mwache akae nalo. Ukiongeza neno hapo utaharibu.

Simu ya daktari ataipiga yeye, si wewe, na usimshikie maneno. Amwambie ukweli kama ulivyo: "Mkuu, uliponiuliza ni ngapi nilidhani unauliza injini, halafu sifa zikanilevya. Picha kapiga mke wangu." Utaona watakavyocheka. Wenye magari wanaweza kumchukia mtu kwa kuweka mafuta mabaya, lakini hawajawahi kumchukia mtu kwa kuwaza injini. Kisa hicho watakisimulia kila mkutano, na yeye atakuwa katikati yake akicheka zaidi yao. Kikitoka kinywani mwake ni kichekesho, ila akisubiri kukamatwa nacho atahama kundi.

Akikataa kabisa, na kwa barua yako sioni kama atakataa, basi namba ya daktari wa meno imo kwenye kundi la simu la mumeo. Piga mwenyewe kabla mchapaji hajawasha mashine, taja jina lako herufi kwa herufi, shukuru, kata. Kisha mpakulie mumeo chakula kama kawaida. Jina likishachapwa kubwa kama mlango mtalaumiana miaka, na ninyi wawili mnapendana, nimewaona.

Fundi, nawe najua unasomewa haya, au umelikuta gazeti kwenye benchi la gereji na umejifanya unatafuta matokeo ya mpira. Njoo karibu. Viti ulisema kashona mke wangu, tena kabla mtu hajauliza. Basi kutaja unajua, malizia. Na uitazame tena hiyo picha, uache kuangalia gari kwa dakika moja ujiangalie wewe. Umewahi kujiona hivyo kwenye kioo? Hujawahi, kwa sababu kwenye kioo unajua unatazamwa. Huko kwenye tangi la maji alisimama mtu aliyesogeza ndoo, akasogeza ndala, akangoja wingu zima lipite ili akuone vizuri, halafu uje uniambie alibonyeza tu! Mimi nimeolewa mara mbili, fundi, na hakuna aliyenitazama hivyo hata mara moja. Mkutanoni zungumzia bati, ndiko uliko profesa. Habari za lenzi mwachie mwenyewe.

Na wewe mama, siku hiyo utakwenda. Usiniambie una viti vya mteja vya kumaliza. Chukua hiyo lenzi ya Mzee Usicheke mkononi, vaa nguo unayoipenda, na usijifiche kwenye vinywaji ukiwamiminia wageni. Simama kando ya picha. Atakuja mtu, wanakuja siku zote, aitazame picha, amtazame mumeo, arudi kuitazama tena, aulize nani kapiga. Usimwangalie mumeo kwanza. Usiseme "sisi". Sema, "Mimi," kisha umwache asogee karibu alisome jina lako kwa macho yake.